Mtandao ndani ya chumba: shajara ya darasa la fizikia, Newala, 2024

Naiandika shajara hii kwa mwalimu wa shule ya kata anayetaka kutumia zana za mtandaoni darasani, ila hana maabara ya kompyuta, bando lake ni la kuhesabu, na wanafunzi wake hawaenei kwenye madawati. Ninafundisha fizikia kidato cha pili katika wilaya ya Newala, mkoani Mtwara. Mkondo A una wanafunzi 71, mkondo B una 68. Kila hatua ikikamilika naongeza. Gharama zote ni kwa shilingi za Tanzania, na fedha zilizopotea nazo nimeziandika, maana hizo ndizo zitakazomwokoa anayefuata.

29 Januari 2024: Tulipoanzia

Kompyuta mpakato ipo moja, yangu. Umeme upo ofisini na kwenye vyumba viwili vya madarasa, na hukatika bila taarifa. Projekta hatuna. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, kwa hiyo mpango wowote unaoanza na "kila mmoja atoe simu yake" hapa hauna pa kukanyaga. Tulicho nacho ni vishikwambi, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 kisha vikagawiwa walimu. Kwetu vipo 16, vinavyowaka na kukaa na chaji ni 14. Mkuu wa shule amekubali tuviazime kwa vipindi vya fizikia kwa sharti la daftari: kaazima nani, kutoka kwa nani, saa ngapi, na kimerudi kikiwa na hali gani.

Mada niliyoichagua ni sakiti za umeme. Kila mwaka naifundisha ubaoni, wanafunzi wanakariri kanuni ya Ohm, na kila mwaka nikiwawekea mezani betri na glopu mbili wanashindwa kusema kitakachotokea kabla waya haujaungwa.

12 Februari: Mchezo wa maswali kwa hotspoti

Nilianza na Kahoot, mchezo wa maswali wa mtandaoni, kwa sababu ndiyo niliyoiona semina. Niliandaa maswali 8, nikanunua bando la 10,000, nikawasha hotspoti ya simu yangu na kugawa vishikwambi 14.

Kilichotokea ni hiki. Simu ilipokea vishikwambi 10, cha kumi na moja ikakikataa. Nikaambiwa baadaye kwamba simu nyingi ndivyo zilivyowekewa ukomo. Hivyo 10 vilivyoingia, kila kimoja kilianza kusasisha programu zake kwa bando langu. Maswali yenyewe kwenye Kahoot kwa kawaida husomwa kwenye kioo kikubwa cha mbele, na kioo changu kilikuwa cha kompyuta ya inchi 14. Kuanzia dawati la tatu hakuna aliyeona kitu. Tulifika swali la pili. Bando likaisha. Dakika 40 za kipindi zilikwenda na maji, na wanafunzi walikuwa wapole kwangu kuliko nilivyostahili.

Gharama: 10,000, zote zimepotea.

26 Februari: Kadi za karatasi

Nikatafuta zana isiyohitaji kifaa mkononi mwa mwanafunzi. Nikaipata Plickers. Kila mwanafunzi anashika kadi yenye mchoro mweusi wa pembe nne, na kila mwanafunzi ana mchoro wake. Pembeni mwa mchoro kuna herufi A, B, C na D zilizoandikwa kwa udogo sana ili jirani asinakili. Jibu lako ni herufi uliyoiweka juu. Mwalimu anapitisha kamera ya simu juu ya darasa zima, programu inasoma kadi zote na kukupa hesabu papo hapo. Simu moja, bando dogo.

Seti ina kadi 63. Nina wanafunzi 71, hivyo wa madawati ya nyuma kabisa waligawana, wawili kadi moja. Wanajadiliana kwanza ndipo wanainua. Mwanzoni niliona ni upungufu. Baadaye niliona wale ndio waliokuwa wakibishana vizuri zaidi, nikawaacha hivyo hivyo.

Kosa lilikuwa langu, na lilitokana na kupenda kitu kidumu. Nilichapisha kurasa 32 (kadi mbili kila ukurasa) kwa 200, halafu nikazipeleka laminesheni kwa 1,000 kila moja. Jumla 38,400. Zilipendeza. Darasani, jua la saa 4 linaingia kwa madirisha ya mashariki, na plastiki ikang'aa kama kioo. Simu ilisoma kadi 19 kati ya 60 hivi. Nikafunga madirisha, kukawa giza, ikasoma 26.

Dada wa steshenari ndiye aliyeniokoa. Alisema, "Mwalimu, hiyo plastiki ya nini? Nikutolee kwenye manila, haing'ai na haikunjiki." Kurasa 32 za manila kwa 500 ni 16,000. Tangu siku hiyo zinasomeka zote, isipokuwa za wale wanaofunika mchoro kwa vidole. Tumekubaliana kushika kadi kwa kucha, pembeni.

11 Machi: Kadi zimesema nini

Mkondo A, kadi 58 zimesomwa. Swali: betri moja, glopu mbili zinazofanana, zimeungwa kwa mfululizo. Ipi itawaka zaidi? A, ya kwanza kutoka kwenye betri. B, ya pili. C, zitalingana. D, hazitawaka.

A ilipata 37. B ikapata 8, D ikapata 4. Jibu sahihi, C, lilipata 9.

Miaka yote nimekuwa nikiuliza "mmeelewa?" na darasa linajibu "ndiyo mwalimu" kwa sauti moja. Nimesimama na simu mkononi nikiitazama hiyo 37 kwa muda mrefu. Laiti ningekuwa na kadi hizi tangu nianze kazi.

22 Aprili: Kuagiza seva

Kadi zinaonyesha wanafunzi wanafikiri nini, ila haziwafundishi. Nataka waunge sakiti wenyewe, wakosee, waunge tena. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, ina maigizo ya fizikia ya bure, yaani majaribio ya kuigizwa kwenye kioo, na lile la sakiti ndilo ninalolitaka: unaburuta betri, waya na glopu, mkondo unaonekana ukitembea. Kila igizo linapakuliwa kama faili moja na kufanya kazi bila intaneti.

Baada ya lile la Februari sitaki tena kutegemea intaneti wakati wa kipindi. Mpango ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye RAM ya GB 4 iwe seva, yenye kila kitu ndani, na vishikwambi viiungie kwa Wi-Fi yake. Bodi ya shule imeidhinisha 400,000. Zinazobaki tumekubaliana walimu wanne kuchanga. Nimeagiza Dar es Salaam: Raspberry Pi 285,000, adapta na kasha 40,000, kadi ya kumbukumbu ya GB 128 kwa 35,000, kutuma kwa basi 10,000.

6 Mei: Mzigo upo njiani

Kimbunga Hidaya kimepita mwishoni mwa wiki. Mvua zake zimekata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi, upande wa Kilwa, na mzigo wetu umo kwenye basi lililokwama huko. Huu ni mzigo mdogo. Kuna watu wamelala barabarani na watoto. Tunasubiri.

13 Mei: Kuna siku intaneti haipo kabisa

Jana Jumapili nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima mtandao umezorota. Leo Plickers haikufunguka. Nilikuwa nimepanga kipindi kizima juu yake.

Nikawaambia wainue kadi vilevile, halafu nikahesabu kwa macho, safu kwa safu: wa A simameni, kaeni, wa B simameni. Ilichukua dakika 4 badala ya nusu dakika, lakini ilifanya kazi, kwa kuwa karatasi ilikuwa mikononi mwao na swali lilikuwa ubaoni. Kuanzia leo kanuni yangu ni hii: kinachohitajika darasani kiwe kimeshaingia chumbani kabla kengele haijalia.

20 Mei: Mzigo umefika, kadi ni bandia

Raspberry Pi nzima, kasha zima. Kadi ya kumbukumbu imeandikwa GB 128 na kompyuta inakubali kwamba ni GB 128. Nilinakili faili za GB 20, zikaingia bila malalamiko. Nilipozifungua, zilizotangulia zilifunguka, nyingine zote zilikuwa mabua matupu.

Kadi za namna hii zimechezewa zijitaje kubwa kuliko zilivyo. Ukiweka kitu kupita uwezo wake wa kweli, inapokea tu na kukitupa. Dawa ni kuijaribu kabla ya kuiamini: kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, kwenye Linux kuna F3. Zinaijaza kadi hadi mwisho kisha zinasoma zilichoandika. Yangu ilikuwa na GB 8 za kweli. Muuzaji hapokei simu. Nimenunua nyingine Mtwara mjini kwa 58,000, nikaijaribu palepale dukani kwa saa nzima huku mwenye duka akinisubiri kwa subira. Nawashauri msione haya kufanya hivyo.

Juni, likizo: Kuipakia seva

Hatua za kawaida nazifupisha, maelekezo yake yapo mengi. Nilikaa siku mbili kwa rafiki mwenye intaneti nzuri Mtwara mjini (nauli na bando 30,000). Niliweka Kolibri ya Learning Equality, ambayo ni maktaba ya masomo na mazoezi isiyohitaji intaneti. Nikachagua mada za umeme, nguvu na mwendo tu, GB 9, badala ya kubeba kila kitu. Nikaweka Wikipedia ya Kiswahili kupitia Kiwix, programu ya kuisoma bila intaneti, na maigizo 11 ya PhET. Maswali yangu mwenyewe niliyaandika kwenye Kolibri Studio nikayashusha.

Palipokwama ni kwenye maigizo. Nilidhani nitanakili yale mafaili kwenye kila kishikwambi na kuyafungua. Ukiyagusa, kishikwambi kinayafungua kwa kisomaji chake kidogo badala ya kivinjari, na unaona ukurasa mweupe tu. Nilipoteza jioni nzima nikidhani mafaili yameharibika. Dawa: mafaili yakae kwenye seva, na wanafunzi waandike anwani ya seva kwenye kivinjari. Hapo yanafunguka yote.

Akaunti: nilianza kumtengenezea kila mwanafunzi yake, 139. Nikaacha. Kwa vishikwambi 14 watakaa watano watano, basi kila kundi lina akaunti moja isiyo na nenosiri. Ninapoteza rekodi ya mwanafunzi mmoja mmoja, lakini hiyo naipata kwenye kadi za manila.

15 Julai: Kipindi cha kwanza na vishikwambi

Wi-Fi ya ndani ya Raspberry Pi ilianza kusuasua tulipofika kishikwambi cha kumi. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo, ndiyo maana nilinunua ruta (65,000, na waya wake 5,000). Seva imeungwa kwa waya kwenye ruta, vishikwambi vinaunga kwenye ruta, na vyote 14 vikaingia. Cha mwisho kilipofunguka kijana mmoja akapaza sauti, "Kuchele!" yaani kumekucha, na darasa zima likapiga makofi.

Mambo mawili yalitusumbua, na kila atakayeiga atakutana nayo.

La kwanza: kishikwambi kikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti, kinaihama kimyakimya na kurudi kwenye laini ya simu. Vinne vilifanya hivyo katikati ya kipindi, kurasa zikagoma, na bando la mwalimu wa kemia likaliwa. Zima data ya simu kwenye kila kishikwambi kabla ya kugawa, na kikiuliza kama ubaki kwenye Wi-Fi hii, jibu ndiyo.

La pili: vishikwambi ni vya walimu, vina picha za familia zao. Kundi moja lilifika kwenye picha za harusi ya mwalimu wa jiografia kabla sijafika mezani kwao. Android ina namna ya kukibana kioo kibaki kwenye programu moja. Ipo kwenye mipangilio ya usalama. Sasa tunabana vyote, na nilimwomba mwenzangu radhi.

Kuhusu igizo lenyewe: ukiunga waya mtupu kwenye ncha mbili za betri, betri inawaka moto. Ndani ya dakika 2 vishikwambi 14 vilikuwa vinateketea na hakuna aliyenisikiliza. Kipindi cha mkondo B niliwapa dakika 7 za kuchoma watakavyo, bila maelekezo. Walipotosheka wakaanza wenyewe kuuliza kwa nini inawaka. Hizo dakika 7 zisipunguzwe.

22 Julai: Igizo linasema hivi, meza inasema vile

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu lilikaribia kuharibu kila kitu.

Kwenye igizo, glopu mbili za mfululizo zinawaka sawa. Makundi yote yaliona. Lakini binti mmoja wa dawati la nyuma alisema, "Mwalimu, hii ni katuni. Tuone za kweli." Nami nilikuwa nimejiandaa: betri kubwa za tochi na glopu za tochi za kizamani, zilizonigharimu 24,000 kuzikusanya dukani, kwa kuwa tochi za siku hizi hazina glopu tena.

Tuliunga mezani. Ya kwanza ikawaka vizuri. Ya pili ikawa nyekundu hafifu.

Darasa zima likalipuka. Wale 37 wa mwezi Machi walikuwa wameshinda. "Si tulisema, mwalimu! Ya kwanza inakula!" Nilikagua waya, nikasafisha ncha za betri, nikaunga upya. Vilevile. Kengele ilipolia nilikuwa sina jibu, na nikawaambia wazi kwamba sina, tutaangalia kesho.

Usiku nilizigeuza zile glopu chini ya taa. Kwenye shingo ya shaba, kwa maandishi ya kubonyezwa yasiyoonekana mpaka uyainamishe kwenye mwanga, moja imeandikwa 3.8 V na nyingine 2.5 V. Hazikuwa zinafanana. Nilinunua kwa kuangalia umbo.

Kesho yake sikuwaambia. Niliwauliza: tukibadilishana nafasi zao, itakuwaje? Kadi juu. Karibu wote walisema ile itakayokaa mbele ndiyo itakayowaka zaidi. Binti yule akaja akazibadilisha kwa mkono wake. Inayong'aa ikabaki inang'aa, safari hii ikiwa ya pili. Kimya. Halafu mmoja akasema polepole, "Basi si nafasi. Ni glopu yenyewe." Nikawapa wasome maandishi ya kwenye shingo, wakapokezana kwa kuinamisha dirishani. Ndipo tukarudi kwenye igizo, tukabadilisha ukinzani wa glopu moja, na igizo likafanya sawasawa na meza ilivyofanya.

Jozi sita zilizobaki nimezipanga upya kwa namba. Na ile jozi mbovu sitaitupa. Nitaanza nayo mwakani kwa makusudi.

Kadi za Ijumaa ya wiki ileile, mkondo A, swali la Machi: kadi 60, C imepata 49.

5 Agosti: Umeme umekatika, seva haikuamka

Umeme ulikatika katikati ya kipindi. Uliporudi, Raspberry Pi haikuwaka: kadi ya kumbukumbu ilikuwa katikati ya kuandika na mafaili ya mfumo yakaharibika. Sikuwa na nakala rudufu. Kuirudisha kumenichukua Jumamosi na Jumapili, na masomo mawili ya Kolibri yalibidi kushushwa upya kwa bando. Sasa kuna nakala ya kadi nzima kwenye kompyuta yangu, na nyingine kwenye diski ya mwalimu wa kemia.

19 Agosti: Pawabanki haikutosha

Nilinunua pawabanki ya 45,000 ikae kati ya soketi na seva. Inachaji na kutoa kwa wakati mmoja, hilo nilihakikisha. Ambalo sikulijua ni kwamba umeme ukikatika, pawabanki hii hukatisha kwa nukta moja wakati inahama. Kwa simu huoni tofauti. Kwa Raspberry Pi nukta moja ni kuzimwa. Imezimika mara tatu kwa wiki mbili. Bahati kadi haikuharibika.

Nimeamua kuacha kabisa umeme wa ukutani. Betri ya sola ya volti 12, Ah (ampea-saa) 18: 70,000. Paneli ya wati 50: 75,000. Kidhibiti chaji: 20,000. Adapta ya gari ya USB yenye kutoa ampea 3 kwa ajili ya seva: 12,000. Hesabu yake ni nyepesi: seva na ruta kwa pamoja zinakula kama wati 10, vipindi vyetu kwa siku havizidi saa 3, ni Wh (wati-saa) 30. Betri ina Wh 216, na nusu yake tu ndiyo naruhusu itumike. Inatosha hata siku ya mawingu, na huku juu ya uwanda wa Makonde mwezi huu asubuhi ukungu hautoki upesi.

Tahadhari moja. Nilikuwa nimeshashika waya wa ruta niunge moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, mkono ukasita, nikasoma lebo chini yake: volti 9. Fundi redio wa mjini alinipa kibadilishaji kidogo cha kushusha volti, LM2596, kwa 5,000. Unazungusha skrubu yake huku ukiangalia mita hadi isome 9.0, ndipo unaunga. Someni lebo.

9 Septemba: Lugha

Kadi za kurudia, wiki saba baadaye, swali lilelile: C imeshuka kutoka 49 hadi 38 kati ya 61. Nilikaa na waliorudi kwenye A, mmoja mmoja, nikawauliza kwa Kiswahili wanieleze wanavyofikiri.

Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Tunawafundisha kwamba mkondo wa umeme ni kama maji kwenye bomba. Na wao bomba wanalijua. Maji ya mradi wa Makonde yanasukumwa kwa pampu kutoka bondeni Mitema kuja huku juu, na kila mtoto anajua kwamba kijiji cha mwanzo wa bomba kinachota, cha mwisho kinabaki na ndoo. Mwanafunzi anayesema glopu ya kwanza inawaka zaidi hakukosa akili. Ametumia mfano wetu kwa uaminifu, na maisha yake yamemthibitishia.

Halafu neno lenyewe. "Mkondo" kwao ni darasa A au B, ni maji ya Ruvuma yanavyokwenda, na sasa ni umeme. Mtihani nao unaandika "current".

Nimeacha mfano wa bomba. Sasa tunasimama uani kwa duara, wanafunzi 30, wameshika kamba moja ndefu iliyofungwa ncha kwa ncha. Mmoja ni betri, anaivuta ipite mikononi. Wawili ni glopu, wanaibana kidogo. Kamba inapita kwa mwendo uleule kwa kila mtu, na wote wawili viganja vinapata moto. Hakuna mahali kamba inapungua. Ndipo tunaingia ndani kwenye vishikwambi, wakiwa na daftari la kurasa mbili: neno la Kiingereza la mtihani, la Kiswahili, na mchoro wao. Kolibri yenyewe tumeiweka kwa Kiswahili kwenye menyu. Video zake za Kiingereza tunazisimamisha kila nusu dakika na mwanafunzi mmoja anaeleza kilichosemwa. Video ya dakika 6 inachukua 25. Naona ni sawa.

Kadi za tarehe 20 Septemba: 52 kati ya 60.

21 Oktoba: Msimu wa korosho

Mahudhurio yameshuka. Mkondo A Ijumaa walikuwa 64, leo 47. Korosho zinaanguka na hazingoji, na ada za ndugu zao vyuoni zinatoka humo. Siwezi kumlaumu mzazi. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili nao hauko mbali.

Kwa kuwa seva sasa haitegemei umeme wa ukutani, tunaitoa nje. Saa 9 alasiri ruta na betri vinakaa barazani, na Wi-Fi inafika hadi chini ya mkorosho wa uwanjani. Wanaotoka mashambani wanapita hapo kabla ya kwenda nyumbani, saa moja au moja na nusu, mazoezi ya Kolibri na maigizo. Wiki iliyopita walikuja kati ya 18 na 29 kwa siku.

Kilichotushtua ni utomvu wa mabibo. Mikono ya kuokota korosho inanata na inaacha weusi, na vioo viwili vya vishikwambi vilianza kugoma kuguswa. Tumeweka ndoo yenye koki na sabuni kwenye ngazi ya baraza. Maji yanaletwa kwa zamu, lita tano kila mwanafunzi wa zamu. Vioo tumevifuta kwa kitambaa chenye maji kidogo, taratibu, vimerudi.

11 Novemba: Hesabu, na kazi iliyobaki

Jumla hadi leo ni 843,400. Humo zilizopotea kwa makosa ni 128,400: bando la Februari, kadi za plastiki, kadi ya kumbukumbu bandia na pawabanki. Anayeanza leo kwa kufuata maandishi haya anahitaji 715,000, akiwa tayari ana vishikwambi na kompyuta moja ya kuandalia.

Kishikwambi kimoja kimepasuka kioo, kimeandikwa daftarini, tuna 13. Mwalimu wa kemia ameanza kutumia seva kwa maigizo ya asidi na besi; mwalimu wa hisabati ameomba GeoGebra, programu ya grafu na maumbo, nitaiweka Desemba. Shule jirani wamepata Raspberry Pi yao. Jumamosi wanakuja na kadi yao ya kumbukumbu tuwanakilie ya kwetu. Nimewaambia waje na H2testw, tuijaribu kwanza.